Watu Walioihesabu Pemba

Mtu asafiriye kutoka Chake Chake kwenda Mkoani hupita Mtambile, mahali ambapo njia hugawanyika, moja ikiendelea mpaka bandarini na moja ikielekea upande wa Kengeja na Mwambe. Huko huona vilima na mabonde. Juu ya vilima pana mikarafuu, mabondeni pana mpunga, na chini ya mikarafuu pana migomba na muhogo. Wakati wa mavuno mikeka hutandikwa mbele ya nyumba, na harufu ya karafuu humpokea mgeni kabla hajauona mji. Mgeni akiyaona hayo husema moyoni mwake, "Nchi hii ni ya neema." Lakini mwenyeji ajua kwamba macho peke yake hayatoshi. Shamba moja laweza kuwa na miti ya mtu huyu, na muhogo wa mtu yule aliyeomba ruhusa ya kulima chini ya miti, na mavuno ya mwaka ujao huenda yamekwisha kuliwa mwaka huu kwa deni. Mambo hayo hayaonekani na mpita njia. Hujulikana kwa kuuliza.

Iko elimu ambayo kazi yake ni kuuliza hivyo. Wenye elimu hiyo huchungua jinsi watu wanavyokaa pamoja, wanavyotafuta riziki, wanavyogawana ardhi, wanavyotawaliwa, na kama maisha yao ya leo yatawaachia watoto wao kitu cha kesho. Wengine husoma historia, wengine uchumi, wengine mila na koo za watu. Kazi yao haifanani na kazi ya mtu ahesabuye nyota. Nyota ikihesabiwa hubaki vile vile mbinguni, bali watu wakihesabiwa, hesabu huwarudia: huwa sheria, huwa kodi, huwa mpaka wa shamba. Kwa hiyo yafaa sana kujua waliouliza waliuliza nini, na walimwuliza nani. Pemba ni mfano mwema wa jambo hili, maana kisiwa hiki kimechunguzwa na watu wengi kwa muda wa zaidi ya miaka mia.

Tuanze na swali lionekanalo kuwa jepesi: kwa nini Pemba ni kisiwa cha karafuu? Watu wengi hujibu, "Kwa sababu ya udongo na mvua." Jibu hilo ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Udongo na mvua vilikuwako tangu kale, na hapo kale Pemba haikusifiwa kwa karafuu bali kwa chakula. Mpunga wake ulivuka bahari kwenda Mombasa na penginepo, na Wamazrui waliotawala Mombasa walikitegemea kisiwa hiki kwa chakula mpaka watu wa Sayyid Said walipokitwaa, miaka michache baada ya 1820. Mikarafuu ililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ile ile, na kwa miaka mingi Unguja ndiyo iliyotangulia kwa mavuno. Hata mwezi wa Aprili mwaka 1872 tufani kubwa ikaipiga Unguja, ikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba haikupata hasara kama ile. Bei ikapanda, watu wakapanda miche Pemba kwa wingi, na tangu hapo kisiwa hiki kikawa ndicho kitoacho sehemu kubwa ya karafuu za visiwa hivi viwili.

Basi mwenye kuchungua udongo peke yake hatajua jambo hili, na mwenye kusoma historia peke yake hatajua kwa nini miche ile ilistawi. Tena liko jambo la tatu ambalo halikuandikwa katika vitabu vya forodha. Kila kilima kilichotwaliwa na mikarafuu kilipunguza nafasi ya chakula, na visiwa vikazoea kununua mchele wa ng'ambo kwa fedha ya karafuu. Hesabu ya biashara ilipendeza kuisoma. Lakini mwaka 1942, Wajapani walipoitwaa Burma katika Vita Kuu ya Pili, mchele wa huko ukakatika, na watu wa Unguja na Pemba wakaona dhiki ya chakula, ikawabidi kuhimiza kilimo cha muhogo. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba utajiri wa ghala na usalama wa chungu ni mambo mawili mbalimbali. Wataalamu wa siku hizi wasemapo juu ya maendeleo yadumuyo, maana yao ni hiyo: mtu asihesabu kilichoingia mwaka huu tu, ahesabu na kilichopunguzwa ili hicho kiingie.

Swali la pili lilihusu kazi. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kukomesha utumwa katika Unguja na Pemba. Amri ile haikumfungua kila mtu siku ile ile. Mtumwa aliyetaka uhuru alipaswa kwenda mwenyewe kuuomba mbele ya wenye amri, na masuria hawakuingizwa katika sheria ile. Wao walingoja mpaka mwaka 1909. Wakati huo alikuwako Pemba mwakilishi wa Waingereza, O'Sullivan, aliyeandika taarifa juu ya hali ya kisiwa. Wakubwa wa serikali na wenye mashamba walikuwa na hofu moja: nani atapalilia, na nani atachuma? Kwa kuwa swali lao lilikuwa juu ya mavuno, waliposikia kwamba watu walioachwa huru hawataki kufanya kazi siku zote kama zamani, wengi waliandika neno jepesi: uvivu.

Miaka mingi baadaye mwanahistoria Frederick Cooper alizisoma taarifa zile zile pamoja na karatasi nyingine nyingi, akatoa kitabu mwaka 1980. Yeye aliuliza swali jingine: watu wale walitaka nini? Akaona kwamba wengi hawakukataa kazi. Walikataa kuamriwa na mtu mwingine saa zote za siku. Walitafuta mahali pa kujenga na kulima chakula chao. Wakapatana na wenye mashamba kukaa chini ya mikarafuu, wapande muhogo na ndizi, na kwa kukaa kwao magugu yakapungua. Wakati wa kuchuma walichuma kwa ujira wa pishi, pamoja na watu waliovuka bahari kutoka Unguja na bara kuja Pemba kwa msimu. Karafuu hazikukoma. Taarifa ni zile zile na watu ni wale wale, lakini swali likigeuka, aliyeitwa mvivu huonekana kuwa mkulima aliyejua thamani ya ardhi na ya wakati wake.

Sasa tufike kwenye deni, ambalo ndilo jambo lililoandikiwa taarifa nyingi kuliko yote. Mkarafuu hauna tabia ya mpunga. Mche hungojewa miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa, na ukisha kuzaa, mwaka mmoja hutoa sana na mwaka mwingine hunyima. Hata hivyo shamba hupaliliwa kila mwaka, na msimu ukifika wachumaji hutaka ujira wao kabla karafuu hazijakauka na kuuzwa. Kwa hiyo mwenye shamba, mkubwa kwa mdogo, alikwenda kwa mfanyabiashara kutaka fedha. Mara nyingi aliliuza shamba kwa sharti kwamba akirudisha fedha atarudishiwa shamba lake; naye akaendelea kukaa pale pale, akalipa kila mwaka kama mpangaji. Kwa jina aliuza, kwa kweli alikopa. Bei ilipokuwa njema mambo yalikwenda. Bei ilipoanguka, baada ya mwaka 1929 biashara ya dunia ilipoharibika, wengi wakashindwa.

Serikali ikawaita wachunguzi. Kirsopp alikuwa amekwisha kuandika juu ya biashara ya karafuu mwaka 1926. Strickland, aliyejua habari za vyama vya ushirika vya Uhindini, alichungua hali ya wakulima, naye akaeleza faida ya ushirika. Sir Alan Pim akatoa taarifa mwaka 1932 juu ya fedha za serikali ya Unguja. Kisha Bartlett na Last wakachungua madeni ya wakulima katika mwaka 1933. Hao wawili walionyesha kwamba madeni ni makubwa sana, na kwamba mashamba yanaponyoka mikononi mwa Waarabu na Waafrika kwenda mikononi mwa Wahindi.

Msomaji na alitazame vizuri jambo hili, maana hapa ndipo penye fundo la habari yetu. Deni lile lilikuwa kweli. Lakini lilipangwa katika majedwali kwa taifa la mdaiwa na taifa la mdai. Katika majedwali ya namna hiyo, mfanyabiashara mdogo wa Kihindi mwenye duka la bati, ambaye naye alidaiwa na tajiri wa mjini, alisimama safu moja na tajiri yule. Na mwenye mikarafuu maelfu alisimama safu moja na mtu wa Mtambile mwenye mikarafuu ishirini. Mchumaji asiye na mti hata mmoja hakuonekana kabisa, maana hakuna awezaye kumkopesha mtu asiye na rehani. Swali lililoulizwa ni, "Shamba latoka kwa taifa gani kwenda kwa taifa gani?" Swali lililoachwa nyuma ni, "Kwa nini mwenye shamba hana budi kukopa kila mwaka, na nani atamkopesha mkopeshaji akiondolewa?"

Mwaka 1934 sheria zikafuata swali lile. Mwarabu na Mwafrika wakakatazwa kumwuzia mtu wa taifa jingine ardhi bila idhini ya serikali, na kudai madeni kukasimamishwa. Mwaka huo huo Chama cha Wakulima wa Karafuu kikapewa nguvu ya sheria. Kusudi la sheria lilikuwa kuwalinda wakulima. Lakini mkopeshaji akiona kwamba hawezi kuitwaa rehani, hufunga mkoba; na mkulima aliyezoea kukopa kwake akabaki na shamba lake bila fedha za kulipalilia. Mwaka 1937 chama kile kilipopewa madaraka makubwa zaidi juu ya ununuzi na usafirishaji wa karafuu, wafanyabiashara wa Kihindi wa Unguja wakakataa kununua, na Uhindini, mmoja wa wanunuzi wakubwa, wakazisusa karafuu zetu. Karafuu zikalala ghalani mpaka yalipopatikana mapatano mwaka 1938. Hatusemi kwamba wachunguzi walisema uongo. Twasema kwamba jedwali lina safu zake, na kile kisicho na safu hakina sauti.

Hata majina ya mataifa yenyewe hayakusimama kama mawe ya mpaka. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1924, makumi ya maelfu ya watu wa Unguja na Pemba waliandikwa kuwa Waswahili. Katika hesabu ya mwaka 1931 waliobaki katika jina hilo walikuwa kama elfu mbili tu. Hapakutokea tauni wala vita, na watu hao hawakuhama. Walikuwako wale wale, katika nyumba zile zile; ila jina lile lilikuwa limeanza kusikika kama neno la kumkumbusha mtu utumwa wa wazee wake, nao wakachagua kuitwa Washirazi au jina jingine. Kwa hiyo mwenye kuhesabu watu kwa makabila yao hana budi kukumbuka kwamba anayeandikwa naye anafikiri, na hujibu kwa kutazama jina litamfikisha wapi.

Baada ya vita ikaja namna mpya ya kuchungua. Katika miaka ya 1948 na 1949 Profesa Edward Batson wa Chuo Kikuu cha Cape Town alisimamia uchunguzi wa maisha ya watu wa Unguja na Pemba. Hakutaka kuingia katika kila nyumba. Nyumba chache ziliteuliwa kwa utaratibu maalumu, ili zisimame badala ya zote. Mtu asiyezoea hushangaa, akasema, "Wawezaje kunijua mimi kwa kumwuliza jirani yangu?" Lakini kila mpishi afanya hivyo. Huonja mchuzi kwa kijiko kimoja, wala hanywi chungu kizima. Sharti ni moja tu: kwanza akoroge. Asipokoroga, huonja maji ya juu akaacha chumvi imelala chini. Vivyo hivyo mchunguzi akizifuata nyumba zilizo kando ya barabara tu, na kuwauliza wanaume waliokaa barazani tu, ameonja maji ya juu.

Tena iko namna nyingine, ya kukaa na watu. Mwaka 1958 John Middleton alikuja kuchungua desturi za ardhi katika visiwa hivi, na kitabu chake kikapigwa chapa mwaka 1961. Yeye alifuatia koo na urithi, akieleza nani ana haki ya kujenga, nani ya kulima, nani ya kurithi mti, na jinsi haki hizo zinavyoweza kukaa katika shamba moja bila kuwa za mtu mmoja. Mambo haya hayaingii vizuri katika jedwali. Kwa hiyo namna hizi mbili zahitajiana. Hesabu huonyesha ukubwa wa jambo, na mazungumzo huonyesha maana yake. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Lakini mwenye kulalia kitanda kimoja naye asidhani amevijua vitanda vyote vya mji.

Mambo yaliyofuata yalithibitisha haya. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 serikali ilitwaa ardhi, na familia nyingi zikagawiwa eka tatu tatu. Haki ya mtu asiye na shamba, ambayo majedwali ya 1933 hayakuwa na safu yake, sasa ilitajwa waziwazi. Lakini biashara ya karafuu iliwekwa mikononi mwa serikali peke yake, na kwa miaka mingi mkulima alipewa sehemu ndogo tu ya bei ya dunia. Fedha za serikali zilionekana kuwa nyingi, hasa bei ilipopanda katika miaka ya 1970. Kile ambacho hesabu ile haikuonyesha ni uamuzi uliokuwa ukifanywa kimya kimya na maelfu ya wakulima. Kwa nini nipande mche utakaozaa baada ya miaka sita, ikiwa faida si yangu? Miti ikazeeka, mingine ikafa kwa maradhi, mingine ikakatwa kuni, na karafuu nyingine zikavushwa usiku kwenda Mombasa. Kisha Indonesia, iliyokuwa ikinunua karafuu zetu nyingi kwa ajili ya sigara zake, ikapanda mikarafuu yake yenyewe, na soko likaporomoka katika miaka ya 1980. Mwaka 2011 serikali ilipandisha sana bei anayolipwa mkulima, na hamu ya kutunza miti ikarudi. Kumbe uhai wa mkarafuu haukutegemea mvua na udongo tu, bali na haki iliyoko kwenye mizani.

Baharini nako kuna mfano. Kisiwa cha Misali, magharibi ya Chake Chake, hakina mji. Mtu akikitazama katika ramani huona msitu mdogo, ufuo mweupe na matumbawe, akasema ni mahali patupu panapofaa hoteli. Katika miaka ya 1990 shauri kama hilo lilikuwako. Lakini mamia ya wavuvi wa vijiji vingi vya Pemba walikuwa wakikitumia kisiwa kile kwa dago na kwa riziki, ingawa hakuna hata mmoja aliyehesabiwa kuwa mkazi wake. Wavuvi waliposikilizwa shauri likageuka, na mwaka 1998 Misali ikafanywa hifadhi ambayo wavuvi wenyewe wana sehemu katika usimamizi wake. Mahali pasipo na wakazi si lazima pawe mahali pasipo na wenyewe.

Na sasa mambo haya ni ya haraka kuliko zamani. Katika hesabu ya mwaka 2012 Pemba ilikuwa na watu 406,848. Katika hesabu ya mwaka 2022 ilikuwa na watu 543,441. Watu wameongezeka kama theluthi moja kwa miaka kumi, na kisiwa hakikuongezwa hata shubiri moja. Kilima kimoja kinatakiwa na mwenye mikarafuu, mwenye muhogo, mwenye kutafuta kuni na kijana atakaye kujenga. Hapana budi wachunguzi waje tena, kutoka serikalini, vyuoni na kwenye vyama mbalimbali, wakiwa na maswali yao katika karatasi au katika simu.

Basi, ndugu msomaji, mtu kama huyo akibisha hodi kwako, usimkimbie kwa kudhani ni mtoza kodi, wala usimjibu kwa maneno ya kumpendeza ili aondoke upesi. Mpokee, kisha nawe umwulize: unataka kujua nini, na habari hii itakwenda wapi? Ukiona swali lake limeacha jambo kubwa, mwambie. Mwambie habari za mwanamke achambuaye karafuu usiku na makonyo yake, za kijana aliyeanguka juu ya mti akavunjika, za mtu alimaye chini ya mikarafuu isiyo yake. Mwambie na miti mingapi imekufa, na miche mingapi imepandwa mahali pake. Watu wa Pemba walihesabiwa mara nyingi kwa maswali yaliyotungwa mbali, na sheria zikafuata maswali hayo. Atakayejibu kwa ukamilifu leo husaidia kutunga sheria ya kesho, hata kama hakuitwa barazani.